Tamthilia za Kusimamisha Jukwaani

Mwenyekiti, walimu wenzangu wa Kiswahili, walezi wa vyama vya drama, vijana wa vikundi vya maigizo na wazazi mliofika, hamjambo nyote. Mmeniomba nipendekeze tamthilia za siku hizi mnazoweza kusoma na kuigiza mwaka huu. Nitataja chache na kuzikalia, maana orodha ndefu mtaipata katika katalogi ya mchapishaji yeyote, na katalogi haikwambii ni onyesho gani litakalomfanya mzazi aliyekuja kwa kulazimishwa na mtoto wake aweke simu mfukoni.

Kwanza nieleze ninavyochagua. Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi katika mtihani wa kidato cha nne hapa Kenya, mnaijua kuliko mimi. Mtahiniwa hupewa maneno ya mhusika, akaambiwa aeleze muktadha wa dondoo hilo, alama nne. Anaandika: msemaji ni fulani, anamwambia fulani, wako mahali fulani, sababu ni hii. Vijana wetu hujibu swali hilo haraka haraka, kalamu ikikimbilia linalofuata. Lakini tulieni kidogo tulitazame. Nani anasema? Anamwambia nani? Wako wapi? Kwa nini? Hayo ndiyo maswali ambayo mwigizaji yeyote huanza nayo anaposhika maandishi yake. Mtihani umetuwekea mkononi ufunguo wa jukwaa, nasi tunafungulia alama nne tu. Mimi huongeza swali la tano, na hilo ndilo kipimo changu chote: huyu msemaji anataka nini kwa mwenzake, hapa na sasa hivi, na mwenzake anamnyima vipi?

Tamthilia ikiwa na jibu la swali hilo kila onyesho, naichukua. Isipokuwa nalo, naiweka kando hata kama maudhui yake ni mazito kiasi gani. Tunayo michezo mingi yenye nia njema ambamo wahusika husimama wakahutubiana kuhusu ufisadi, huyu akimaliza yule anaanza. Hotuba mbili zikifuatana, ukumbi umelala. Ujumbe hauigiziki. Kinachoigizika ni mtu anayeomba mbele ya mtu anayenyima.

Nianze na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kwa kuwa imo mikononi mwenu tayari. Najua wengi mmeifundisha hadi kurasa zimelegea. Naomba muisome tena, safari hii kwa sauti, watu wakiwa wamesimama. Sara anaugua moyo. Mumewe Yona amezama katika pombe, na nyuma ya pombe hiyo yapo masimango ya wanakijiji waliomsema miaka na miaka kwamba mkewe amemzalia mabinti watupu. Neema, binti yao, ana kazi mjini na ana mume, Bunju, na ndiye kila mtu anayemtazamia. Humu hamna rais wala jeshi, hamna mbunge anayeiba kura. Kuna familia moja na gharama ya hospitali. Hilo peke yake ni jambo la kushukuru, kwa sababu tamthilia ya Kiswahili ilikaa muda mrefu ikulu na kwenye maandamano, na nyumbani ilipita tu kubadilisha nguo.

Onyesho ninalowasihi mlifanyie kazi ni lile la Neema na Bunju kuhusu mgonjwa. Sara ameletwa mjini kutibiwa. Alale wapi? Bunju anashikilia mila kwamba mkwe halali katika nyumba ya bintiye aliyeolewa. Rahisi ni kumfanya Bunju katili, akunje uso, ukumbi umzomee. Mkifanya hivyo mmeliua onyesho. Huyu ni mtu aliyemwokoa Neema wakati wa ajali, na ni mtu anayeona pesa za nyumba yake zikielekea upande mmoja mwezi baada ya mwezi. Mwigizaji wake aongee kwa upole, kama mwanamume anayeomba aheshimiwe kwake. Na Neema asilie. Neema apange nguo huku akiongea, akunje shuka, aweke, aikunjue, aikunje tena. Hapo hadhira yenu, ambayo imejaa akina Bunju na akina Neema, itaanza kujigeuza vitini.

Halafu Yona. Kijana mkimpa nafasi ya mlevi, siku ya kwanza ya mazoezi atapepesuka, ataburuta maneno, wenzake watacheka, naye atafurahi na kuongeza. Mwambieni mlevi hajitahidi kuyumba, anajitahidi asiyumbe. Mpeni kikombe kilichojaa maji hadi ukingoni avuke nacho chumba bila kumwaga tone. Uso wake utabadilika wenyewe. Baadaye katika mchezo Yona anaanza kushika kazi za jikoni kwa ajili ya mkewe, na wanaume wenzake wanaliona jambo hilo ajabu. Msiigize mapishi kwa kupunga mikono hewani. Wekeni jiko, sufuria, kisu na viazi vya kweli. Kijana asiyezoea kumenya atamenya vibaya, ganda litatoka nene, yale madoa meusi atayaacha, kiazi kitabaki nusu ya kilivyokuwa, na ukumbi mzima utaona mwanamume anayejifunza uzeeni kitu alichopaswa kukijua zamani. Mmoja wa wazazi aliniambia baada ya mazoezi kama hayo kwamba alitamani kupanda jukwaani amsaidie. Nikajua tumefika.

Kigogo cha Pauline Kea nacho kimeigizwa sana, na mara nyingi kimeigizwa vibaya, kwa sababu moja: mwigizaji wa Majoka, mtawala wa jimbo la Sagamoyo, hupewa sauti ya mwanasiasa fulani tunayemjua sote, ukumbi unaangua kicheko, na tangu hapo hakuna anayeogopa. Sagamoyo ikikosa hofu, ujasiri wa Tunu, msichana anayempinga Majoka, hauna maana. Mwacheni Majoka awe mtu anayezungumza polepole na kutabasamu. Mtu mwenye nguvu hahitaji kupaza sauti.

Lakini mtazameni jinsi Kea anavyofungua mchezo. Karakana ya wachonga vinyago sokoni Chapakazi: Sudi, Boza na Kombe wako kazini. Kenga, mshauri wa Majoka, anawaletea keki ya kusherehekea uhuru. Anataka Sudi amchongee kinyago cha shujaa wa ukoo wa Majoka. Sudi hataki keki, hataki kazi hiyo. Yote tunayohitaji kujua kuhusu Sagamoyo yamo katika kile kisahani cha keki: nani anakipokea, nani anakikataa, nani anatazama. Kama mimi ndiye mwelekezi, ningeanza gizani kwa mlio wa patasi tatu, tok, tok, tok, kila moja na mdundo wake. Taa ziwake taratibu. Kenga anapoingia, patasi ya Boza inanyamaza. Ya Kombe inafuata. Ya Sudi inaendelea. Kwa gharama ya magogo matatu na nyundo, mmeshawaeleza watu msimamo wa kila mmoja kabla hajafungua kinywa. Shule zinazosema hazina pesa za drama, gogo halinunuliwi.

Mstahiki Meya, pia ya Arege, nitaipita haraka kwa kuwa mnaifahamu: wafanyakazi wa Cheneo hawajalipwa, zahanati haina dawa, na Meya Sosi anahangaikia mapokezi ya wageni. Ilichapishwa 2009, kabla ya serikali za kaunti kuzaliwa, na leo ukiipeleka kwenye makao makuu ya kaunti yoyote watu watadhani imeandikwa jana. Iigizeni nje, mbele ya jengo la umma, mchana, bila taa.

Hapa niseme neno kwa vijana wa vikundi vinavyozunguka shuleni na vitabu teule. Kuna watu wanaowadharau. Mimi siwadharau hata kidogo. Kwa wanafunzi wengi wa nchi hii, kikundi chenu katika bwalo la chakula, na meza zimesukumwa ukutani, ndiyo tamthilia ya pekee watakayoiona wakiwa shuleni, na wengine ndiyo ya pekee maishani. Ndiyo maana nawadai zaidi. Msikate kila kitu kifupi hadi kibaki vichekesho na dondoo za mtihani. Na kwa sababu mna gari tayari, mna mavazi tayari, na mwalimu mkuu ameshawafungulia lango, ongezeni mchezo mmoja usiotahiniwa. Hata wa nusu saa. Mtashangaa jinsi wanafunzi wanavyosikiliza kitu ambacho hawatakiandikia majibu.

Sasa tuvuke mpaka. Ndugu zetu wa Tanzania wana Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa 2006 na kusomwa na wanafunzi wa sekondari huko kwa miaka mingi. Kwetu wachache wanaijua, na ni hasara kubwa. Msichana anaitwa Furaha. Anaugua UKIMWI, anakufa. Kabla ya kufa ameacha barua isomwe siku ya mazishi yake, na inasemekana ndani yake kuna orodha. Kijiji kizima kinaamini ni orodha ya majina ya wanaume. Basi wanaume wanaanza kutokwa jasho: mfanyabiashara anayeheshimika, kijana aliyekuwa akijigamba, hata padri. Kila mmoja anataka kujua kama yumo, na kila mmoja ana sababu nzuri kabisa, ya heshima kabisa, ya kwa nini barua hiyo isisomwe.

Sitawaambia imeandikwa nini. Msomeni wenyewe Reynolds, na mkiiigiza msiwaambie wazazi. Ninachotaka mkione ni ustadi wa ile karatasi moja. Kuanzia barua inapotajwa, mtu yeyote akiingia jukwaani tunajua anataka nini: anataka ile karatasi, au anataka kuilinda. Swali langu la tano limejibiwa kwa mchezo mzima. Mwelekezi asiye na uzoefu anaweza kuushika mchezo huu na usimwangushe. Ziko nyakati za mahubiri kidogo, kwa sababu mchezo uliandikwa ufundishe, na pale pana mahali pa kupunguza kwa ruhusa. Lakini msiguse maonyesho ya mama yake Furaha. Mchagueni mwigizaji wa mama kabla ya kumchagua Furaha, maana mama ndiye atakayeibeba barua ile mbele ya watu, na mikono yake lazima iaminike.

Wazazi watauliza kama jambo hili linafaa watoto. Jibu langu ni kwamba watoto wenyewe ndio waliomo. Wapeni nafasi ya kulizungumza mbele yenu huku mmekaa.

Kuna mchezo mmoja wa zamani kidogo ambao siwezi kuuacha: Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, 1988. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui akashtakiana na ukoo kuhusu mahali pa kumzika. Maiti ilikaa hadi Mei 1987 ndipo ikazikwa Nyalgunga, kwa uamuzi wa mahakama, upande wa ukoo. Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini ya Tanzania, aliichukua kesi hiyo ya Kenya akaifanya tamthilia ya mjane anayeitwa Martha, ambaye mumewe Herbert amekufa na nyumba yake inaingiliwa na watu waliokuja na madai. Nani hapa hajawahi kukaa katika kikao cha mazishi ambapo mjane anaongelewa kama hayupo? Mchezo huu ni mgumu. Lugha yake imebana, na vijana wa sekondari huenda ukawalemea. Vyuo na vikundi vya watu wazima, huu ni wenu. Na kama mnatafuta kitu chepesi zaidi juu ya mada iyo hiyo kwa ajili ya shule, chukueni Natala ya Kithaka wa Mberia, ya 1997, ambamo mwanamke anakataa kurithiwa na shemeji yake, Wakene. Natala ana ulimi. Msichana mwenye sauti na msimamo ataifurahia nafasi hiyo kila jioni.

Mberia huyohuyo ana Maua kwenye Jua la Asubuhi, ya 2004, kuhusu jamii mbili zinazochochewa kupigana. Tazameni mwaka. Ilikuwa madukani miaka mitatu kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zake. Ningependa iigizwe kila baada ya miaka mitano, miezi sita kabla ya uchaguzi, na isingoje watu wazikwe.

Mtaniuliza: na ya nje? Ipo, na nitataja mitatu. Yote imeandikwa kwa Kiingereza, na yote ningependa kuisikia kwa Kiswahili.

Shule za wasichana, tafuteni School Girls; Or, The African Mean Girls Play ya Jocelyn Bioh, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Ghana. Ilianza New York 2017. Mchezo mzima uko katika bwalo la chakula la shule ya wasichana ya Aburi, Ghana, mwaka 1986. Paulina ndiye malkia wa kundi, na ana hakika yeye ndiye atakayechaguliwa kugombea taji la Miss Ghana. Anakuja msichana mpya, Ericka, aliyelelewa Marekani, ngozi yake nyeupe zaidi. Waigizaji wanane, wote wanawake. Mandhari ni moja: meza na mabenchi mliyo nayo tayari. Watacheka sana dakika za mwanzo, halafu itakuja habari ya krimu ya kujichubua na kicheko kitakwama kooni. Kuna wasichana katika shule zenu wanaojichubua sasa hivi, na mabango ukutani hayajawasaidia.

Kwa wavulana na vikundi vya mitaani, Barber Shop Chronicles ya Inua Ellams, Mwingereza mzaliwa wa Nigeria, iliyoonyeshwa kwanza National Theatre ya London 2017. Vinyozi wa London, Lagos, Accra, Kampala, Johannesburg na Harare, siku moja, na mechi ya Chelsea na Barcelona ikiendelea kwenye televisheni. Wanaume wanaongea kuhusu baba zao, kazi, siasa, lugha, na kichekesho kimoja kinazunguka kutoka mji hadi mji kikibadilika kidogo kidogo. Mnahitaji viti vya kinyozi, mashine za kunyolea na waya mrefu wa umeme. Mwaka jana nilipokuwa nikiisoma nilijikuta nasikia sauti za kinyozi wangu mwenyewe, maneno yaleyale, mabishano yaleyale ya mpira. Kikundi kikiomba ruhusa ya kuutafsiri, nitawasomea rasimu bila malipo.

Wa tatu ndio ulionikaa rohoni kuliko yote niliyotaja leo. Ni Ruined ya Lynn Nottage. Nottage na mwelekezi Kate Whoriskey walisafiri hadi Uganda wakakaa na wanawake wakimbizi wa Kongo, wakawasikiliza. Mchezo ukaonyeshwa Goodman Theatre, Chicago, 2008, na 2009 ukapata tuzo ya Pulitzer. Uko katika baa ya mwanamke anayeitwa Mama Nadi, katika mji mdogo wa wachimba migodi mashariki mwa Kongo, upande wa msitu wa Ituri. Wanajeshi wa serikali wanakunywa hapo. Waasi nao wanakunywa hapo. Sheria ya Mama ni moja: bunduki ibaki bila risasi ukiingia kwake. Christian, mchuuzi anayesafiri na bidhaa zake, anamletea wasichana waliobakwa vitani na kukataliwa makwao. Mmoja, Sophie, ni mpwa wake mwenyewe. Onyesho la kwanza ni la kupatana bei. Mama Nadi anamtaka huyu, hamtaki yule, anauliza kasoro, anapunguza bei, Christian anabembeleza, anaongeza zawadi. Ni majibizano ya sokoni kabisa, yenye utani na ucheshi, na kinachouzwa ni watu. Mama Nadi anawauza wasichana hao, na ndiye pia anayewapa mahali pa kulala na kula. Nottage hakutuambia tumpende au tumchukie. Kila nikiusoma mchezo huo nahamia upande tofauti.

Kuna mume wa mmoja wa wasichana hao, wa Salima, anayeitwa Fortune. Siku mkewe alipochukuliwa na wanajeshi, yeye alikuwa amekwenda kununua sufuria. Baadaye anakuja kusimama nje ya baa, akimngoja atoke, na sufuria ile anayo. Salima hataki kumwona. Fikirieni mwigizaji huyo. Karibu hana la kusema. Anasimama tu mvuani na kitu alichoenda kukitafuta wakati alipohitajika nyumbani. Mwelekezi hahitaji kuongeza chochote hapo.

Kwa nini nauleta mbele yenu? Kwa sababu watu wa mchezo huo, kama wangekuwa wanaongea lugha yao, wangekuwa wanaongea Kiswahili, kile cha Bunia na Goma. Wakongomani wanaoishi nasi Nairobi wanakiongea kila siku, tunapanda nao matatu, tunasali nao, watoto wao wako madarasani mwenu. Wako vijana wa Kikongo wenye vipaji vikubwa vya muziki, na mchezo huu una nyimbo, Sophie huimba baani. Natamani kikundi cha Wakenya na Wakongomani kikae pamoja na maandishi hayo, kiyaingize katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na kiyaigize hapa. Uwe mchezo wa watu wazima. Utakuwa na uzito wa namna ambayo London na Chicago hawawezi kuupata, kwa kuwa ukumbini watakuwepo watu waliopita njia hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kualika umma, alikeni kwanza wanawake waliopita njia hiyo, wausikie, waseme. Wakisema usionyeshwe, usionyeshwe.

Nisikwepe jambo ambalo walimu wengi wananiuliza faraghani: mchezo ukituletea matatizo je? Mnakumbuka Aprili 2025. Wasichana wa Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa na Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Malala alikamatwa, polisi walitumia gesi ya kutoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Shule hiyohiyo, mwandishi huyohuyo, 2013 walizuiwa na Shackles of Doom, na mahakama ikawafungulia njia. Walimu, siwezi kuwaambia hakuna hatari. Nawaambia kwamba wasichana wale hawakuonewa kwa kufanya vibaya, na mlezi wa drama anayeogopa leo anastahili kusimamiwa na wenzake pamoja na wazazi. Hifadhini barua zote. Pelekeni maandishi kwa bodi ya shule mapema, wazazi wasome, ili siku ya siku msiwe peke yenu. Wala msimchagulie mtoto mchezo dhaifu kwa sababu ya woga. Anajua. Anauigiza kwa nusu moyo, na baadaye anaamini drama ndivyo ilivyo.

Mambo mawili ya kazi, kisha nimalize. La kwanza ni ruhusa. Tamthilia ni mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada yake. Kabla ya kuigiza kwa umma, iandikieni kampuni iliyochapisha: mtaje mchezo, ukumbi, tarehe, maonyesho mangapi, kiingilio kiasi gani. Shule inayoigiza bila kiingilio mara nyingi haielemewi na gharama, lakini iombe. Michezo ya nje ina leseni ya kulipia, na tafsiri inahitaji ruhusa yake tofauti. Kuna waandishi wetu waliotajirisha mitihani ya nchi nzima na hawajawahi kualikwa hata kutazama mchezo wao ukiigizwa. Mwalikeni mwandishi, mpeni kiti cha mbele na nauli.

La pili ni kwamba mfumo mpya wa elimu umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na ndani yake kuna somo la sanaa za maonyesho na filamu. Watoto hao watahitaji maandishi, na mengi, na ya Kiswahili. Kama maktaba ya shule ina nakala arobaini za kitabu teule kimoja na hakuna tamthilia nyingine hata moja, mwalimu wa somo hilo atafundisha nini? Mwombeni mwalimu mkuu anunue nakala kumi za mchezo mmoja usiotahiniwa kila mwaka. Kumi zinatosha Orodha kusomwa na kundi zima kwa kupokezana.

Maswali nimeyaona kwenye vikaratasi. Mwalimu mmoja anauliza aanzie wapi ikiwa ana saa moja tu kwa juma na wanafunzi hamsini. Anza kwa kusoma. Hamsini wagawe makundi matano, kila kundi lichukue onyesho moja la Bembea, walisome kwa sauti juma zima, mwishoni wayaunganishe kwa mfuatano. Utakuwa na akina Neema kadhaa na akina Bunju kadhaa, na utasikia tofauti zao. Hapo utajua nani umpe nafasi.

Mwingine anauliza kama wazazi walioko hapa wanaweza kujaribu. Wanaweza, na tuna nusu saa. Nakala ziko kwenye meza ya kushoto. Nahitaji mama mmoja asome Neema na baba mmoja asome Bunju, pale wanapozungumzia mgonjwa atalala wapi. Njooni mbele, msimame mkitazamana, msinitazame mimi.